Aliyeiuza Mashine ni Mimi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wanamuziki, Ndugu Meneja wa ukumbi huu, Ndugu mwenye studio pamoja na mafundi wako, ndugu waandishi wa habari, wakwe zangu wawili mlioketi mstari wa mbele, majirani na wateja wangu wa siku zote, wanabendi wa Vumbi Jeupe mliojificha nyuma ya pazia mkidhani viatu vyenu havionekani, na ninyi nyote mliojaa huko nyuma mmevaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka kwenye kamba za viatu: nawasalimu kila mtu kwa heshima yake, na mwenye haraka namwomba akae.

Mshereheshaji ameniambia kwa adabu kabisa, "Mama, ukizidisha muda nitakohoa." Mwanangu, mimi nimefanya kazi kando ya injini ya dizeli tangu nilipoolewa. Kohoa unavyotaka, sitakusikia.

Kwa wasionijua, mimi ni mwenye mashine ya kusaga nafaka iliyo nyuma ya ghala la mbao, ile yenye mlango wa bati la bluu. Mwimbaji wa bendi hii amemwoa binti yangu wa pili. Kwa maneno mengine, mimi ni mama mkwe, na leo mama mkwe amepewa kipaza sauti. Mkwe wangu hajala tangu jana. Binti yangu anasema ni wasiwasi wa jukwaa, lakini mimi nadhani ni wasiwasi wa hotuba hii.

Nimeombwa nizindue albamu mpya, Kofia Ukutani, na niseme maneno mazuri. Nitayasema, msiwe na shaka. Ila kwanza kuna kesi humu ndani, na haifai kuizungukazunguka. Tangu wimbo wa kwanza wa albamu hii ulipotoka, mashabiki mmekuwa mkitafuta mtu wa kumlaumu. Nimesomewa mliyoandika. "Wamelainika." "Hii sasa ni bendi ya harusi." "Uko wapi uzito wetu?" Mmoja ameandika kwamba ukisikiliza wimbo huo mpya unaweza hata kunywa uji! Wengine mnasema aliyeua sauti ya Vumbi Jeupe ni mwenye studio, kwa sababu alitaka kuuza. Wengine mnamsingizia binti yangu, eti mke amemlainisha mume. Na nimesikia kwamba wapo humu waliopanga kutoka nje wote kwa pamoja wimbo mpya wa kwanza ukianza, ili kuwatia adabu.

Ndugu zangu, mwenye studio mwacheni alale, na binti yangu mwacheni alee mtoto wake. Ni mimi. Ile sauti mnayoililia niliiuza mimi mwenyewe, pamoja na mkanda wake na spea zake, na nikasimama mlangoni kumwelekeza dereva wa lori asigonge ukuta wangu wakati anaitoa. Sina cha kujutia. Ningeiuza tena kesho.

Mnacheka. Haya, chekeni, halafu mnisikilize.

Marehemu mume wangu, wateja walimwita Mzee Kofia, kwa sababu ya kofia moja ya kitambaa ambayo hakuivua ila wakati wa kulala na kuoga, na kuoga nilimlazimisha. Siku kijana huyu alipokuja nyumbani kujitambulisha, Mzee Kofia alimuuliza swali ambalo kila baba huuliza. "Unafanya kazi gani, bwana?"

"Naimba, baba."

"Unaimba nini?"

"Muziki wa metali, baba. Ule wa huzuni."

Mume wangu alifikiri kidogo. Metali aliijua, ila ya kuchomelea. Akasema, "Hebu imba kidogo tusikie."

Mbele ya wazazi wake, hawa hapa mstari wa mbele, mashahidi wangu, kijana akaweka kikombe chini, akafunga macho, akanguruma. Ndugu wageni waalikwa, paka wetu alipanda juu ya kabati na hakushuka mpaka wageni walipoondoka. Mama yake alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilimtazama binti yangu na kujiuliza, hivi huyu mtoto nilimnyima nini? Lakini Mzee Kofia alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Aliniegemea akaninong'oneza, "Huyu anasikika hata mashine ikiwa imewaka. Mpe."

Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake cha mwanaume, na mimi sikuwa na kipimo kingine cha kushindana nacho.

Basi, wakati huo bendi ilikuwa imefukuzwa kila mahali. Walipofanya mazoezi gereji, wenye magari walilalamika. Walipohamia nyuma ya saluni, wateja walikimbia na nywele nusu. Mzee Kofia akawapa stoo iliyo ukuta mmoja na mashine yetu. Akawaambia hapo hakuna jirani atakayewalalamikia, kwa kuwa majirani wote tayari wanamlalamikia yeye. Na humo wakakaa, mwaka baada ya mwaka, wakatoa albamu zote tatu ambazo ninyi mnazijua kwa moyo.

Sasa nataka niwaambie mambo ambayo mkwe wangu, kwa heshima, hawezi kuwaambia.

Ile sauti nzito ya chini, ile mnayosema inaingia kifuani na kukaa, hamkuisikia kwa bendi nyingine yoyote, sivyo? Hamtaisikia. Wenzao wanakaza nyuzi za magitaa kwa kifaa. Hawa walikaza nyuzi kwa kufuata muungurumo wa injini yetu. Wangefanya nini tena, maskini? Haikuwezekana kuishinda, basi wakaamua kuimba pamoja nayo. Kila mazoezi yalianza hivyo: mume wangu anawasha, wao wanakaa kimya wanasikiliza, halafu wanalegeza nyuzi mpaka magitaa yakubaliane na dizeli. Waliporekodi, walirekodi humo humo stoo. Mashine imo katika kila wimbo. Mkiweka sikio vizuri mtaisikia, chini kabisa, haipumziki.

Na pale katikati ya wimbo ambapo muziki unazama! Mnapajua. Pale ambapo ngoma zinapunguza mwendo, magitaa yanajikokota, na ninyi mnafumba macho na kuinamisha vichwa. Ndugu yangu mmoja mwandishi, nadhani yupo humu, aliandika ukurasa mzima kwamba mzamo ule ni mwanadamu anayeshindwa na mzigo wa kuishi. Niliukata ukurasa ule nikautunza, ni maneno mazuri sana. Lakini ndugu mwandishi, ule ulikuwa mzigo wa mahindi. Mteja akimwaga gunia zima kwa mkupuo, injini inaelemewa, mwendo unashuka, na mpiga ngoma wetu, fundi seremala mnayemwita Nyundo, alikuwa anafuata injini kama mtu anavyofuata mshumaa gizani. Injini ikishuka, anashuka. Mahindi yakiisha, anapanda. Kuna wimbo wenu mmoja maarufu sana unazama mara mbili. Hiyo ilikuwa siku ya Jumamosi, wateja walikuwa wengi.

Na nyuso nyeupe kwenye picha zenu za zamani, zile ambazo mmezinakili na wengine leo mmejipaka, nawaona: ulikuwa unga, wanangu. Walikuwa wanatoka stoo hawajanawa.

Sisemi haya kuwacheka. Nasema kwa sababu nataka mjue mlikuwa mnasikiliza nini. Mlilia kwa sauti ile, na mlikuwa na haki ya kulia, kila mtu analia na lake. Lakini sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayefanya kazi yake akiwa na furaha. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, kofia kichwani, anatikisa mguu, anawaambia wateja, "Hao ni bendi yangu."

Mzee Kofia alifariki baada ya albamu ya tatu. Hakuugua muda mrefu.

Wengi wenu mlikuja kumzika, mmevaa hivi hivi. Baadhi ya jamaa zangu waliuliza, hawa vijana wameshona sare ya msiba lini? Mkwe wangu alibeba jeneza. Alisimama mbele yangu akasema, "Pole, mama," na hakusema neno lingine, siku ile wala miezi iliyofuata. Mnajua mambo ya mkwe na mama mkwe, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Alipokuwa na jambo, alimtuma mke wake. Mimi nilipokuwa na jambo, nilimtuma huyo huyo. Binti yangu alichakaza viatu.

Kazi ikaendelea. Nilimwajiri fundi wa kuendesha mashine, mtu mzima, hodari. Na hapa ndipo nilipofika pabaya. Enzi za mume wangu, alikuwa anatoka kabla yangu, anawasha injini, na mimi nikiisikia kutoka jikoni namimina chai nampelekea. Tulifanya hivyo tangu tukiwa vijana. Sasa yeye hayupo, fundi anawasha, injini inaunguruma ile ile, na mkono wangu unamimina chai. Nafika mlangoni na kikombe, namkuta fundi. Namwambia, "Nimekuletea wewe." Anashukuru. Kesho tena. Yule bwana aliwasimulia watu kwamba amepata mwajiri mwema kuliko wote mjini. Hakujua kwamba kila asubuhi, kwa hatua chache za kutoka jikoni mpaka mlangoni, mume wangu alikuwa hai, na kwamba kila asubuhi alikufa tena pale mlangoni.

Nilichoka kupeleka chai kwa mashine. Ndiyo sababu niliiuza. Ningeweza kuwaambia kwamba spea zilikuwa adimu, moshi ulikuwa mwingi, na mota ya umeme inasaga unga laini zaidi, na yote hayo ni kweli, waulizeni wateja wangu. Lakini sababu ni chai.

Sikumwuliza mtu. Sikumwambia mtu. Bendi walikuwa katikati ya kutengeneza albamu mpya. Wakaja stoo na magitaa yao, wakakaa kimya kusubiri muungurumo, na muungurumo haukuja. Mota ya umeme inalia kama mbu. Muda si mrefu binti yangu akaingia jikoni.

"Mama, anauliza mashine iko wapi."

"Mwambie imekwenda."

Akatoka, akarudi. "Anauliza itarudi lini."

"Mwambie akae chini."

Akatoka, akarudi tena. "Mama, amekaa chini. Wote wamekaa chini."

Walikaa chini kwa muda mrefu, ndugu zangu. Nyundo, ambaye mlimjua kwa mwendo wake wa taratibu, alikuwa anapiga mbio kama anakimbizwa na mbwa, kwa sababu hakuna kilichomshika. Mpiga besi wetu, ambaye kazi yake ni uuguzi, alikaza nyuzi, akalegeza, akakaza, akasema haziongei. Kumbe miaka yote walikuwa wameegemea ukuta, na ukuta mimi nimeuondoa. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Nawaambia ukweli, niliumia. Lakini sikumpigia simu mnunuzi.

Halafu jioni moja nilikuwa nafagia mbele ya mashine, mota imezimwa. Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia mtu anaimba. Si kunguruma, kuimba. Sauti ya chini, imekwaruza kidogo, haina uhakika na njia. Gitaa moja nyuma yake, linaweka noti moja, linasubiri, linaweka nyingine. Nikajiuliza, nani huyu? Kumbe ni mkwe wangu, na sikuwahi kuisikia sauti yake ya kuimba. Fikirini hilo. Amekula kwangu sikukuu ngapi, nimemsikia akinguruma mpaka bati linatikisika, na sikuwahi kuijua sauti yake. Na kwa mara ya kwanza tangu bendi hii ianze nikasikia maneno ya wimbo. Alikuwa anasema:

Kofia yako bado ina unga,
sitaki mtu aikung'ute.

Kofia ile ipo kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Niliiacha pale kwa sababu sikuweza kuigusa. Nilidhani ni mimi tu.

Nilisimama na ufagio nikalia, sioni haya kuwaambia. Yule kijana aliyeniambia "Pole, mama" na kunyamaza, kumbe hakuwa amenyamaza. Alikuwa hana pa kusemea. Mashine ilikuwa inasema kwa niaba yetu sote, na ilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake.

Huo ndio wimbo wa kwanza mliousikia. Ndio mliouita wa harusi.

Lawama zenu zilipopamba moto, wanabendi wakaogopa. Nyundo alikuwa na sauti ya injini kwenye simu yake, alirekodi kwa bahati tu. Wakapanga kuipandikiza chini ya nyimbo zote mpya, ili turudi tulipokuwa, mfurahi. Siku hiyo mkwe wangu alikuja mwenyewe. Hakumtuma mtu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti.

"Mama, tunaomba ruhusa turudishe sauti ya mzee."

Nikamuuliza, "Wewe unaitaka?"

"Mashabiki wanaitaka."

"Sikuuliza mashabiki."

Nikamimina chai, nikamsogezea kikombe. Akasema, "Mimi naogopa, mama. Bila mashine wananisikia."

"Hata mimi nilikusikia," nikamwambia. "Nilikuwa na ufagio."

Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Tulikunywa chai ile mpaka ikaisha. Alipoinuka alisema, "Basi iwe kama ilivyo," na mimi nikasema, "Iwe kama ilivyo." Na ndivyo ilivyo. Hiyo ndiyo albamu mnayoiona hapa mezani imefunikwa kitambaa.

Sasa nimalizie kwa kuisifu, maana ndicho nilichoitiwa, na nimeisikiliza kuliko ninyi wote. Uzito wenu haujapotea. Magitaa yamo, tena makubwa, ila yanafika pale wimbo unapoyahitaji, na yakifika mtajua yamefika. Kinanda kimo. Mwalimu wa kinanda, mama yule pale mwenye miwani, alialikwa tangu albamu ya pili akashindwa, kwa kuwa kila kibonye alichobonyeza kilikuwa juu kidogo au chini kidogo ya dizeli yetu. Safari hii amepata pa kukaa, na amekaa vizuri. Mzamo upo pia. Lakini safari hii Nyundo anashuka kwa sababu ameamua kushuka, na anapanda akiwa tayari. Na kwa wale mnaoulizia ngurumo: ipo, moja tu, mwisho wa wimbo wa mwisho. Paka wangu ameisikia akatoka mbio, kwa hiyo nawahakikishia ni ile ile. Kijana hajaacha kunguruma, ameacha kunguruma ovyo.

Ninyi mliopanga kutoka, mlango ni huo, haujafungwa. Sitawashika. Nyimbo za zamani mnazo, zichezeni, mume wangu yumo humo na wala hatawachoka. Nawaomba jambo moja tu: kabla hujainuka, sikiliza maneno. Umekuwa shabiki wa mtu huyu miaka yote, na hujawahi kusikia anasema nini.

Wazazi wa mkwe wangu, asanteni kwa kijana. Siku ile ya paka nilikuwa na mashaka, leo sina. Wanabendi, asanteni kwa kunisamehe bila kuambiwa mnisamehe, maana nisingeomba. Binti yangu, kuanzia leo hutatumwa tena.

Ndugu Meneja, nina ombi la mwisho. Tangu nimesimama hapa nasikia feni zako, na nasikia lile friji la vinywaji pale kwenye kona. Nawajua watu wangu. Wakisikia kitu kinaunguruma, wataegemea. Nakuomba uzime feni. Na friji pia, ndiyo, lichomoe kabisa. Soda zitapata joto, sisi tutatoka jasho kidogo, tutavumilia.

Bado moja, ile ya karibu na mlango. Asante.

Haya. Mnasikia? Hivi ndivyo nyumba yangu ilivyo asubuhi. Nimeizoea. Si mbaya.

Mkwe wangu, toka nyuma ya pazia uanzie hapa. Na ninyi nyote, nawashukuru kwa masikio mliyonipa. Sasa mpeni yeye.